Swala Aliyeingia na Mbuzi

Maweu akishaachilia mshale, alikuwa anakaa chini. Wawindaji wengi huruka na kukimbia mbele kuona kama wamepata. Yeye alichuchumaa pale pale alipokuwa amesimama, akalaza upinde mapajani, akagonga kikopo cha ugoro kwa kidole, akavuta kidogo na kutazama.

Alichokuwa anatazama ni jinsi mnyama alivyoupokea mshale. Hilo alifundishwa na babake huko Kibwezi. Swala akipigwa penye moyo huruka juu, akarusha miguu ya nyuma, kisha hukimbia akiwa ameinama, tumbo karibu liguse nyasi, bila kuangalia anakokwenda. Huyo hafiki mbali. Akipigwa mapafuni hukimbia vivyo hivyo, ila damu anayoacha kwenye majani ina povu. Mshale ukimpita juu bila kumgusa atashtuka, atakimbia kidogo, halafu atageuka kutazama nyuma akipiga chafya ya hasira, maana hajui ni kitu gani kimempita. Lakini akipigwa tumboni hakimbii. Anakunja mgongo kama mtu aliyeshikwa na tumbo njiani, kisha anaondoka akitembea, mdogo mdogo, akiwaacha wenzake.

Huyo ndiye wa kungojwa. Ukimfuata mapema, woga utampa nguvu na hutamwona tena. Ukimwacha, atatafuta kichaka alale, na ukirudi kesho yake utamkuta hapo.

"Mungu hakukupa matako bure," babake alikuwa akimwambia. "Kaa."

Basi Maweu akajua kukaa. Alikaa vizuri kuliko ndugu zake wote.

Alihamia Kitengela mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na mbili, wakati wa ule ukame uliokausha mahindi na mbaazi kwao mpaka watu wakaanza kuuza mabati ya nyumba. Alipata kazi ya kuchonga mawe kwenye kware, yaani machimbo ya mawe, akapanga chumba kando ya barabara ya Namanga, kisha akamleta mkewe Mukai na watoto wao wawili, Mumo na Evalyne. Upinde aliuleta ukiwa umekunjwa ndani ya godoro. Sumu ya mishale hakuileta. Chumba kilikuwa kimoja, watoto wanatambaa kila mahali, na Mukai alikuwa ameapa kwamba sumu ikiingia mlango huu yeye atatokea ule wa dirisha.

"Dirisha hata halina mlango," Maweu alimwambia.

"Nitautengeneza nikitoka."

Mtu asiye na sumu lazima apige mahali panapofaa, na akikosea ajue amekosea vipi. Kwa hiyo kule kutazama, ambako kwa babake kulikuwa ujuzi wa ziada tu, kwa Maweu kukawa ndiyo kazi yenyewe.

Hakuwa mwindaji wa kila siku. Kware ilipokuwa na kazi, alichonga mawe kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi na Jumapili akaenda kanisani na familia yake. Kazi ilipopungua, alichukua upinde akaenda tambarare, ambako siku hizo hakukuwa na ua wala ploti, na wanyama walitoka mbugani wakatembea mpaka Isinya kama watu wenye shughuli zao. Alijua serikali imekataza. Aliwajua pia jirani zake wawili waliowahi kulala ndani kwa ajili ya nyama ya pundamilia. Hakuuza hata kipande. Alileta nyumbani, Mukai akapika, mifupa ikazikwa nyuma ya choo.

Sehemu kubwa ya tambarare hiyo ilikuwa ya mzee mmoja Mmaasai aitwaye Metito, mtu mrefu, mpole, aliyekuwa na ng'ombe wengi na maneno machache. Boma lake lilikuwa upande wa mto. Metito alikuwa ameshaona nyayo za Maweu zaidi ya mara moja na kuzitambua, kwa sababu viatu vya Maweu vilikatwa kutoka tairi la lori na kimoja kilikuwa na ufa kisiginoni. Hakumshtaki. Kwake yeye mtu anayekula swala ni mtu ambaye hana mbuzi, na mtu ambaye hana mbuzi tayari ana shida ya kutosha.

Wakikutana njiani walisalimiana, basi.

Halafu ukaja ukame wa mwaka elfu mbili. Nyasi ziliisha, kukabaki mawe na ile miti mifupi yenye vinundu vyeusi vinavyokaliwa na sisimizi. Wamaasai walihamisha ng'ombe, wengine wakawapeleka mpaka kando ya barabara za Nairobi. Ujenzi ulilala, na kware ikafunga kwa muda. Mukai alifua nguo za watu, lakini maji yenyewe ya kufulia yalikuwa ya kununua, kwa hiyo watu nao wakaanza kuvaa nguo siku nyingi zaidi.

Alasiri moja Maweu alilala kifudifudi nyuma ya mti mmoja kati ya hiyo mifupi, sisimizi wakimpanda shingoni, akingoja swala granti watatu wasogee. Walikuwa wamekonda mpaka mbavu zinahesabika. Dume alikuja mbele. Maweu alipiga magoti, akavuta, akaachilia.

Swala ana masikio makali. Anasikia uzi wa upinde ukilia kabla mshale haujafika, na mara nyingi hujikunja apate kuruka. Huyu alijikunja na kugeuka kidogo tu, kiasi cha upana wa kiganja. Maweu alisikia mlio wa mshale ukiingia. Haukuwa ule mlio mkavu wa mbavu. Ulikuwa mzito, kama fimbo ikipiga godoro.

Wale wawili waliruka wakaenda. Dume hakukimbia. Alikunja mgongo, akasimama hivyo kwa muda, kisha akaanza kutembea.

"Aii," Maweu alisema peke yake.

Akakaa chini. Alitoa ugoro, akavuta, akamtazama swala akiteremka upande wa mto, kichwa chini, mkia ukitikisika. Jua lilipokaribia kuzama alisimama, akajikung'uta sisimizi, akaenda nyumbani kama alivyofundishwa.

Mukai alikuwa anamngoja mlangoni. "Umepata?"

"Nimepata. Bado hajalala."

Mukai aliyajua maneno hayo. Maana yake ilikuwa kwamba leo ni uji, na kesho, Mungu akipenda, ni nyama. Alichochea moto bila kuuliza zaidi. Maweu alikunywa uji wake, akalala, na alilala vizuri.

Asubuhi alirudi pale alipopigia akaanza kufuata alama. Damu ilikuwa kidogo, nyeusi, na ilikuwa na harufu ya majani yaliyotafunwa. Aliona mahali swala alipolala, kisha akaamka. Mbele kidogo akaona pengine alipolala, kisha akaamka tena. Halafu nyayo zikachanganyika na nyayo za mbuzi, nyingi sana, zote zikielekea upande mmoja. Maweu alizunguka akitafuta mahali swala alipotoka kwenye kundi. Hakupapata. Alipoinua macho, mbele yake palikuwa na ua wa miiba wa boma la Metito.

Alificha upinde kwenye kichaka. Alifikiria kurudi nyumbani. Lakini nyumbani kulikuwa na watoto waliokunywa uji, na mshale ulikuwa wake, na alama ya mshale wake Metito angeitambua kama alivyotambua viatu vyake. Akaenda mpaka kwenye mlango wa ua, akasimama nje, akabisha hodi.

Aliyetoka ni Resian, mke wa Metito, mama wa makamo aliyejifunga shuka mbili kwa sababu ya baridi ya asubuhi. Alimtazama Maweu usoni, halafu miguuni, kwenye viatu.

"Ni wewe," alisema. "Ingia. Mgonjwa wako iko huku."

Swala alikuwa kando ya kizizi cha ndama, amelala lakini kichwa kikiwa juu. Mshale ulikuwa bado umemkaa tumboni, umevunjika nusu. Karibu yake watoto wa mbuzi wawili walikuwa wanarukaruka kana kwamba hakuna jambo. Mtu alikuwa amemwekea maji kwenye sufuria. Alikuwa hajayagusa.

"Ilikuja jana na mbuzi," Resian alisema. "Mimi nilikuwa nahesabu zikiingia, nikaona hii moja iko na pembe mrefu. Nikasema nifukuze. Lakini ikanitazama, ikapita hapa karibu na mguu yangu, ikaingia. Sasa nitafukuza aje mtu ambaye ameingia kwangu?"

Swala alijaribu kuinuka. Alisimama kwa miguu ya mbele kwanza, kisha ya nyuma, akakunja mgongo uleule wa jana, akakaza mwili kama anayetaka kwenda haja na hawezi, meno yakisagika mpaka sauti ikasikika. Kisha akajishusha tena, kidogo kidogo, akipunguza uzito kwenye upande ulioumia.

"Inafanya hivyo tangu jioni," Resian alisema. "Inalala, inaamka, inalala, inaamka. Mimi nilidhani inataka kuzaa, kumbe ni dume."

Hapo ndipo Maweu alipochuchumaa chini ingawa hakuna aliyemkaribisha. Alikuwa amewinda tangu ujana. Alijua swala anavyoruka, anavyokimbia, anavyokunja mgongo. Aliwajua pia wakiwa wamekufa, alivyowakuta asubuhi chini ya kichaka wakiwa wamelala kama waliolazwa na mtu. Kilichokuwa katikati hakuwahi kukiona. Muda huo ndio aliokuwa akivuta ugoro, au akinywa uji, au akikoroma kando ya Mukai. Kungoja kulikuwa kwake. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mwingine aliyekuwa akingoja pia, upande ule wa pili.

Metito alitoka nyumbani akiwa na fimbo yake. Walisalimiana. Mzee alimtazama swala, kisha mtu.

"Hiyo mshale ni yako?"

"Ni yangu, mzee."

"Wewe ni ule wa kware. Baba Mumo."

"Ndiyo."

"Kuna mtu hapa alisema niite askari wa wanyama," Metito alisema, na hakutaja ni nani, ila Resian alitazama pembeni. "Nikasema tungoje kwanza. Nikasema mwenyewe atakuja. Sasa umekuja."

"Nimekuja, mzee. Ukitaka kuita, ita. Sitakimbia."

Metito alichora chora chini kwa ncha ya fimbo. "Kwanza maliza hii kitu," alisema mwishowe. "Hiyo ingine tutaongea."

Maweu alichomoa kisu. Alimsogelea swala kutoka nyuma, kwa magoti, kama alivyojua. Lakini mnyama hakujaribu kumkimbia. Aligeuza shingo, akamtazama kwa lile jicho jeusi lenye kope ndefu, na pua yake ilikuwa inapanuka na kufumba. Maweu alimwekea mkono kwenye paji la uso, katikati ya pembe. Palikuwa pa moto. Alijisikia akisema neno kwa Kikamba, neno ambalo watu wa kwao huwaambia watoto wagonjwa, kisha akafanya haraka. Swala alitikisika mara moja, akatulia.

Resian alikuwa amejifunika uso kwa ncha ya shuka. "Ashe Ngai," alisema. Mungu asante.

Maweu alibaki pale pale kwa magoti. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, pengine hakujua kama yanatoka. Metito, ambaye hakuwa mtu wa kuona mwanaume mzima akilia, alikwenda kutazama ndama ambao hawakuhitaji kutazamwa.

Baadaye Resian alimletea chai ya maziwa, maziwa yakiwa machache sana siku hizo, kwenye kikombe cha bati. "Kunywa, baba. Halafu beba hiyo nyama uende nayo. Usiache hapa, fisi itaingia kwa mbuzi."

"Sitaki, mama."

"Uko na watoto?"

"Niko nao."

"Basi unataka."

Alimbeba. Mukai alikata sehemu zilizoharibika akazitupa, akapika zilizobaki. Usiku huo Maweu alikaa na sahani yake bila kugusa, mpaka alipoona Mumo na Evalyne nao wameacha kula, wanamtazama yeye. Akala. Nyama ilikuwa na uchungu kidogo.

Hatimaye alimweleza Mukai yote: mbuzi, sufuria ya maji, jinsi swala alivyokuwa akiinuka na kulala. Mukai alisikiliza hadi mwisho.

"Na wale wengine wote?" aliuliza.

"Wale wengine sikuwaona."

"Walikuwa hivyo?"

"Walikuwa hivyo."

Ningependa kusema kwamba hakuwinda tena. Aliwinda. Wiki chache zilipita, mvua haikuja, na njaa haina habari na mambo ya moyoni. Alikwenda upande wa mbali na boma la Metito, akampiga swala jike, na kwa jinsi alivyopiga ilikuwa sawa kabisa, juu ya kwapa, penye mapafu. Swala alikimbia tumbo chini. Angekaa tu kwa muda mfupi, angemkuta ameshalala. Lakini Maweu hakuweza kukaa. Aliinuka papo hapo akakimbia nyuma yake, akijikwaa kwenye mawe, akitaka kumfikia amalize upesi, asimwache peke yake hata kidogo. Swala alimsikia. Aliinuka pale alipokuwa ameanza kulala, akavuka barabara ya lami, magari yakapiga honi, akaingia upande wa pili kwenye mawe makubwa. Maweu alitafuta mpaka giza. Alitafuta tena kesho yake. Hakupata hata manyoya.

Alirudi nyumbani akautundika upinde ukutani, akakaa kitandani.

"Siwezi tena," alimwambia Mukai. "Si kupiga. Kupiga naweza. Siwezi kukaa chini."

Mukai alikuwa anachambua mboga. Angeweza kumwambia mambo mengi juu ya kodi na unga. "Basi tutakula sukuma," alisema. "Lakini asubuhi utaenda kwa yule mzee umuulize kama ana kazi. Na uvae shati."

Alikwenda akiwa na shati. Metito alimsikiliza akiwa amesimama kwa mguu mmoja, fimbo kwapani. Vijana wake walikuwa wamehama na ng'ombe kutafuta nyasi, na mbuzi walikuwa wamebaki na Resian peke yake. Habari ya askari hakuigusa; aliuliza jambo moja tu.

"Unajua mbuzi?"

"Kwetu tulikuwa nao, mzee. Walikufa mwaka wa tisini na mbili."

"Hapa pia zinakufa," Metito alisema. "Kuja kesho."

Mwanzoni ilikuwa kazi ya kibarua. Maweu aliwapeleka mbuzi mtoni, akakata matawi ya miti na kuwapa majani, akawabeba mabegani waliokuwa wamechoka kutembea. Swala waliobaki walikuja kula pamoja na mbuzi, maana majani ya chini yalikuwa yameisha na Maweu aliangusha ya juu. Hakuwafukuza. Resian aliona jambo hilo akiwa mbali, akamwambia mumewe, na wote wawili hawakumwambia Maweu kwamba wameona.

Mvua ilirudi, na kware nayo ikafunguliwa. Maweu alirudi kuchonga mawe, lakini Jumamosi mchana alikuwa anapita bomani kusaidia kuogesha mifugo dawa ya kupe. Siku moja Metito alimshika mkono, akampeleka mpaka kwa mbuzi jike mweupe mwenye doa shingoni, akaweka kamba mkononi mwake.

"Kuanzia leo," alisema, "mimi sitakuita Baba Mumo, na wewe hutaniita mzee. Mtu akipatia mwingine mbuzi, wanaitana Pakine. Ni jina ya mbuzi."

"Pakine," Maweu alisema, akilijaribu.

"Unasema kama Mkamba."

"Mimi ni Mkamba."

Metito alicheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. Mukai hakuamini mpaka mbuzi alipoanza kula upindo wa leso yake iliyoanikwa nje.

Miaka iliyofuata Kitengela iliota nyumba. Waliokuwa na ardhi waliuza, waliouziwa wakajenga, na kila mmoja akaweka waya. Metito alishikilia kwa muda, akauza kipande, halafu kingine kwa karo ya chuo ya watoto, na ilipofika mwaka wa elfu mbili na sita ng'ombe wake walikuwa wanatembea kwenye kichochoro kati ya nyua mbili. Akasema anahamia Bisil, ambako ana ndugu na nafasi bado ipo. Maweu alikuwa na mbuzi wake kumi na kitu wakati huo, wote uzao wa yule mweupe, wakilala kwenye zizi la Metito. Hakukuwa na mahali pa kuwalisha Kitengela.

"Wewe unasemaje, Pakine?" Metito alimuuliza.

Maweu alimuuliza Mukai. Mukai alisema Bisil kuna vumbi, hakuna kanisa lake, na yeye hajui Kimaasai zaidi ya salamu. Alisema hayo kwa siku nzima akipanga vyombo kwenye gunia.

Sasa wanakaa Bisil, nyuma ya soko la mifugo. Mumo aliendesha trekta Kajiado kwa muda, kisha akapata lori. Evalyne aliolewa Athi River na mtu wa dini. Siku ya soko utamkuta Maweu kwenye kivuli cha ukuta akibishana na wachuuzi kwa Kimaasai chenye lafudhi ya Kibwezi, watu wakimcheka na yeye akicheka nao. Mukai ameweka meza ya maharagwe na nyanya kando ya lango, na karibu naye, akiwa ameketi kwenye mtungi wa maziwa, mara nyingi huwa Resian, ambaye hajaja kuuza wala kununua. Wanaongea. Hakuna anayejua wanaelewana kwa lugha gani, lakini lango likifungwa jioni bado wanakuwa hawajamaliza.